Mguu wa Nixon: funzo kwa kila anayesafiri safari ndefu

Kila shule zinapofungwa huwa napokea kliniki wagonjwa wanaofanana. Mtu ameshuka kwenye basi siku mbili tatu zilizopita, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, naye anaamini ni uchovu wa safari. Wengine wameshaukanda kwa maji ya moto na kuuchua kwa mafuta. Ninapowauliza maumivu yalianza lini, baadhi hukiri kwamba mguu uliuma hata kabla ya kupanda basi, ila tiketi ilikuwa imeshakatwa na ndugu walikuwa wanasubiri.

Leo nakusimulia maisha ya mtu aliyefanya hivyo hivyo. Yeye hakukosa nauli wala daktari. Alisafiri kwa ndege ya serikali yake, madaktari wake wakiwa ndani ya ndege hiyo hiyo, na bado mguu ulikaribia kumuua. Ni Richard Nixon, rais wa 37 wa Marekani.

Mtoto wa muuza duka

Nixon alizaliwa tarehe 9 Januari 1913 huko Yorba Linda, California, katika nyumba ndogo iliyojengwa na baba yake. Baba, Frank, alijaribu kilimo cha malimau kikamshinda. Familia ikahamia mji wa Whittier, ikafungua duka la vyakula na kituo cha mafuta. Watoto walifanya kazi dukani kabla na baada ya masomo.

Nyumba hiyo ililijua gonjwa na msiba. Mdogo wake Arthur alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 7. Kaka yake mkubwa, Harold, aliugua kifua kikuu wakati ambao dawa ya kukitibu haikuwepo. Mama yao, Hannah, alihama naye hadi Arizona kutafuta hewa kavu, akamuuguza huku akitunza na wagonjwa wengine ili kupata fedha ya kujikimu. Harold alifariki mwaka 1933. Mzazi unayesoma hapa unaweza kuelewa mama huyo alibeba nini.

Richard alisoma kwa bidii, akawa mwanasheria, akamuoa Pat mwaka 1940, wakajaliwa mabinti wawili. Katika Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la majini huko Pasifiki. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mbunge, mwaka 1950 seneta, na Januari 1953, akiwa na miaka 40, akaapishwa kuwa makamu wa rais.

Kazi hiyo ilimfanya msafiri. Alizunguka nchi nyingi, na Machi 1957 alifika Afrika kuhudhuria sherehe za uhuru wa Ghana, kisha akapita katika nchi kadhaa, ikiwemo Uganda. Alijulikana kwa kuchapa kazi bila kupumzika, na alijivunia kwamba haugui mara kwa mara.

Onyo la kwanza na la pili

Agosti 1960, akigombea urais, aligonga goti kwenye mlango wa gari. Kidonda kidogo kikaingiwa na bakteria, akalazwa karibu wiki mbili. Alipotoka hakupunguza mwendo. Alikuwa ameahidi kufika majimbo yote 50, akaenda kuitimiza ahadi hiyo. Alipokutana na John Kennedy kwenye mdahalo wa kwanza wa televisheni mwezi Septemba, watazamaji walimwona amekonda na amepauka. Uchaguzi ule alishindwa kwa kura chache.

Goti lile lilikuwa ugonjwa mwingine, si huu ninaouzungumzia leo. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha tabia ya mtu: mwili ukisema simama, yeye anatazama ratiba. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa safarini Japani, mguu wake wa kushoto ulivimba na kuuma. Ilikuwa ni uvimbe wa mshipa wa damu, hali ambayo mara nyingi huendana na damu kuganda ndani ya mshipa huo. Ulipona. Lakini mguu uliowahi kupata tatizo hili una nafasi kubwa ya kulipata tena, na mwenye mguu huo anatakiwa alikumbuke jambo hilo kila anapofunga begi.

Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa rais, na mwaka 1972 akachaguliwa tena kwa kura nyingi sana. Mwaka huo alikwenda China na Moscow, safari zilizobadili siasa za dunia. Kisha ikaja kashfa ya Watergate, ambayo ilianza na watu kukamatwa wakivunja ofisi za chama cha upinzani na kuishia kwenye swali la kama rais mwenyewe alisaidia kuficha ukweli.

Safari ya Juni 1974

Tarehe 10 Juni 1974, akiwa na miaka 61 na kiti chake kikitikisika, Nixon alipanda ndege kwenda Mashariki ya Kati. Alipofika Austria, kituo cha kwanza, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na unauma. Madaktari waliofuatana naye waliutazama, wakaelewa. Walimweleza kuwa damu ikiganda mguuni, bonge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Walitaka apumzike na ainue mguu.

Nixon aliendelea, na habari za mguu zikabaki siri ya watu wachache. Mjini Cairo alisimama kwenye gari la wazi pamoja na Rais Anwar Sadat, umati ukijaa barabarani. Kesho yake walipanda treni kwenda Alexandria, na sehemu kubwa ya safari hiyo walisimama kwenye behewa lililo wazi wakipungia watu. Baada ya Misri alikwenda Saudi Arabia, Syria, Israel na Jordan. Alirejea nyumbani tarehe 19 Juni, na siku chache baadaye akapanda ndege tena kwenda Ubelgiji na Urusi. Umma ulikuja kuambiwa habari za mguu baada ya safari ya kwanza kwisha.

Siwezi kusema kwamba ndege ndiyo iliyomletea ugonjwa. Mguu ule ulikuwa na historia yake. Ninachoweza kusema ni kwamba alisafiri na mguu unaomlalamikia, akauficha.

Kwa nini damu inaganda mguuni

Moyo unasukuma damu kwenda miguuni kwa nguvu. Kurudi juu ni kazi nyingine, kwa sababu damu inapanda mlima. Inarudi kupitia mishipa tunayoiita vena. Ndani yake mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini, na pampu yake kubwa ni shavu la mguu, yaani ule mnofu ulio nyuma, chini ya goti. Unapotembea, mnofu huo unaikamua vena na damu inapanda. Ukikaa saa nyingi umekunja magoti, pampu inalala na damu inatuama.

Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba mabonge yanayoziba mapafu hutoka kwenye vena za mbali na kusafiri na damu. Hadi leo tunafundisha sababu tatu kwa jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Safari ndefu inaleta ile ya kwanza. Ukiwa tayari umebeba ya pili au ya tatu, hatari inapanda.

Usidhani basi ni salama kwa kuwa liko chini. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliona vifo vya ghafla vya mabonge ya mapafu vikiongezeka kwa watu waliolala wamekaa vitini usiku kucha kwenye mahandaki. Hakuna aliyepaa. Walikaa tu, miguu ikining'inia. Kwa hiyo basi la kwenda Bukoba au Kigoma, treni, gari lako binafsi na ndege ya kwenda India kutibiwa, vyote vinahusika.

Sitaki kukutisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya zaidi ya saa 4 ukiwa umekaa huongeza hatari takriban mara mbili, lakini kwa wasafiri wa ndege wa safari hizo ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Wengi watafika salama. Jambo la maana ni kujua kama wewe uko kwenye kundi la wachache.

Long Beach

Turudi kwa Nixon. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, akarudi California. Mguu haukupoa. Tarehe 23 Septemba alilazwa katika hospitali moja mjini Long Beach. Vipimo vikaonyesha kwamba kipande cha damu iliyoganda kilikuwa kimeshafika kwenye pafu la kulia. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na mapema Oktoba akaruhusiwa.

Kabla mwezi haujaisha alirudishwa hospitali, kwani bonge lilikuwa limepanda kwenye vena juu ya paja. Tarehe 29 Oktoba alifanyiwa upasuaji, akawekewa kibanio kidogo kwenye vena ili damu ipite lakini bonge lisipite. Saa chache baadaye alivuja damu ndani ya mwili, shinikizo la damu likashuka ghafla, na madaktari wakapigania maisha yake. Rais Gerald Ford alipomtembelea siku chache baadaye, alimkuta hoi kitandani.

Mahakama ilikuwa inamtaka aje kutoa ushahidi katika kesi ya wasaidizi wake, na watu wengi waliamini anajifanya mgonjwa ili akwepe. Jaji alilazimika kutuma madaktari watatu kumchunguza. Wakathibitisha kwamba ni mgonjwa kweli. Mtu aliyezoea kuficha, siku aliyougua kweli alikosa wa kumwamini.

Alipona. Februari 1976 alikuwa tena China, na akaishi miaka mingi akiandika vitabu. Alifariki tarehe 22 Aprili 1994, akiwa na miaka 81, baada ya kiharusi. Karibu miaka 20 alipewa na dawa, upasuaji na damu aliyoongezewa. Si kila mtu anapata nafasi hiyo.

Wewe ufanye nini kabla ya kukata tiketi

Zungumza na daktari kabla ya safari ndefu kama umewahi kupata damu kuganda, au mzazi ama ndugu yako wa damu aliwahi kupata. Kama umefanyiwa upasuaji wiki chache zilizopita. Kama una mimba au umejifungua ndani ya wiki 6. Kama unatibiwa saratani. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kama una uzito mkubwa. Au kama umefungwa plasta ngumu mguuni, ile wengi wanayoiita hogo. Ukiwa na mambo mawili au matatu kwa pamoja, usisafiri kabla hujaonwa.

Nawasemesha hasa akina mama. Mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki 2 zilizopita, anapandishwa basi la saa 14 kwenda kulelewa kwa mama yake. Nia ni njema, lakini damu ya mzazi huganda kwa urahisi, ana kidonda, na atakaa bila kujinyoosha huku amempakata mtoto. Kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kama haiwezi, igaweni mara mbili, mlale njiani, na awepo wa kumpokea mtoto ili mama asimame.

Mzazi mwenye watoto wadogo asiogope sana, kwani kwa watoto tatizo hili ni nadra. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto mwenye selimundu, aliyefungwa plasta, au aliyetoka kulazwa. Mpe maji ya kutosha, na muulize daktari wake kabla ya kuondoka. Na kama unamleta bibi au babu mjini kutibiwa baada ya kuvunjika nyonga, ujue yeye ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote ndani ya gari hilo.

Ukiwa njiani

Chagua kiti cha upande wa njia ya katikati ili uweze kunyanyuka. Usijaze mizigo chini ya miguu. Ukiwa ndani ya ndege, tembea kila baada ya saa moja au mbili. Ndani ya basi linalokwenda kasi usisimame. Kaa na mkanda wako, lakini ifanyishe kazi pampu: kanyaga sakafu kwa vidole huku unainua visigino, kisha kanyaga kwa visigino huku unainua vidole. Rudia mara 20 au 30, kila nusu saa. Basi likisimama kwa chakula au kuchimba dawa, shuka hata kama huna haja, utembee dakika zote mlizopewa.

Kunywa maji. Najua wengi hujinyima maji tangu usiku kwa kuogopa kubanwa na haja njiani, hasa wanawake. Kunywa kidogo kidogo na utumie kila kituo. Epuka pombe, na usimeze dawa za usingizi ili ufike umelala, kwa sababu atakayelala saa 8 bila kugeuka ni wewe na miguu yako. Vaa nguo zisizobana kiunoni na kwenye magoti.

Soksi maalumu za kubana mguu zinawasaidia walio kwenye hatari, mradi ziwe za saizi yako na umepimwa kwanza, kwani mwenye mishipa iliyoziba au kisukari kilichoharibu miguu zinaweza kumdhuru. Usijinunulie vidonge vidogo vya aspirini kwa ajili ya safari. Dawa za kuzuia damu kuganda zina faida na hatari zake, kama ulivyoona kwa Nixon, na daktari ndiye anayepima nani anazihitaji na kwa kiasi gani.

Ukifika

Miguu yote miwili ikivimba kidogo kwenye vifundo, ukalala umeinua, asubuhi ikawa imerudi, mara nyingi ni safari tu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, shavu la mguu likauma au kuwa gumu na la moto, hilo ni jambo jingine. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, maana hauonekani kirahisi. Angalia uvimbe, joto na ngozi inayong'aa. Dalili zinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya safari.

Usiukande wala usiuchue mguu huo. Hili nawaomba pia akina bibi na mashangazi wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto: mkiona mguu mmoja umevimba na unauma, acheni mikono, mpelekeni hospitali. Huko atapimwa kwa ultrasaundi, kipimo kisicho na maumivu, na bonge likionekana ataanza dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi 3 au zaidi.

Na ukianza ghafla kuhema kwa shida, kifua kikachoma unapovuta pumzi, ukakohoa damu au ukazimia, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi. Mwambie daktari kwamba umesafiri, hata asipokuuliza.

Nixon alikuwa na sababu nzito za kuendelea na safari, na wewe utakuwa na zako: harusi, msiba, shule, ndugu wanaosubiri kituoni. Nauli inaweza kutafutwa tena, na tiketi nyingi hubadilishwa ukiwahi kusema. Kabla hujafunga begi safari ijayo, kaa kitandani, weka miguu yako sambamba na uitazame yote miwili. Kama mmoja una la kusema, usikilize kabla hujaondoka.

Tukutane wiki ijayo.